Chumba Ambamo Hakuna Kilichooza

6 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sisi huku wazima. Mimi nipo, Chiriku yupo, na tumbo lake la miezi minne lipo na linamtangulia mlangoni. Mdogo wangu huyu hajapunguza maneno hata kidogo. Jana alizungumza na muuza mkaa mpaka mkaa wenyewe ukanunuliwa na mtu mwingine. Mumewe bado yuko machimboni, anapiga simu kila Jumapili na hapati nafasi ya kusema. Mkaza mjomba anaendeleaje na mgongo? Mwambie dawa ya kuchua aliyonipa ilikwisha zamani, harufu ndiyo imegoma kuondoka.

Najua simu umeifungia kabatini kwa sababu masikio yako yalistaafu siku moja na wewe, ndiyo maana naandika. Tumehamia nyumba ya bibi, na nimeanza biashara. Nanunua mboga na matunda alfajiri sokoni, tunachambua, tunaosha, tunafunga mafungu, kisha napeleka kwenye jiko la shule, la hospitali na hoteli mbili tatu. Kuna mwekezaji mmoja anayeweka fedha kwenye biashara changa. Atakuja Septemba kuitazama yangu. Aliniuliza, "Una nini wewe ambacho mwenzako hana?" Nikamjibu, bidii. Akacheka. "Bidii hata punda anayo, dada."

Nimelala na maneno hayo wiki nzima. Nilicho nacho ni pikipiki ya magurudumu matatu, friji kubwa la mtumba ambalo mlango wake tunaufunga kwa kamba, wateja wachache, Chiriku, na mikono yangu. Na chumba cha nyuma, ambamo naweka mboga friji likijaa. Humo hazinyauki upesi.

Umefundisha biashara maisha yako yote. Nifundishe na mimi.

Mpwa wako


21 Februari

Mpwa wangu, Bi Tajiri mtarajiwa,

Marahaba. Barua yako imesomwa mara mbili: mara moja na mimi kimya, mara moja kwa sauti kwa mkaza mjomba wako, ambaye alicheka pale penye punda na kunitazama mimi. Mgongo wake unamsumbua asubuhi tu. Anasema Chiriku ale vizuri na asiinue mizigo. Alikuwa mkunga miaka mingi, kwa hiyo salamu zake haziishi bila amri.

Sasa somo. Kinyozi wa mtaani kwetu alinunua kiti kipya kinachozunguka. Watu wakamiminika. Haukupita mwezi, kila kinyozi akawa na kiti kinachozunguka, na wa kwetu akabaki na deni. Lakini mimi bado nakwenda kwake, na wenzangu pia, hata tukisubiri kwa kusimama. Kwa nini? Kwa sababu anakumbuka kichwa cha kila mtu, na anakumbuka mtoto wa nani alikuwa na mtihani. Kiti kilinunulika. Kumbukumbu yake hainunuliki, na yeye mwenyewe hakuwahi kuihesabu kama mali.

Basi kila ulicho nacho kiulize maswali manne. Kina thamani? Ni adimu? Mwingine anaweza kukiiga? Na je, umejipanga kukitumia? Swali la kwanza sitakawia nalo; kitu kikinunuliwa kina thamani, tusonge mbele. Mengine matatu ndiyo magumu. Ukitaka kujua ni kitu gani hasa kinabeba biashara yako, toa kimoja kimoja. Kitoe, endelea na kazi, utazame kinachopungua. Nyumba haikwambii nguzo ipi imeishikilia mpaka uiguse.

Kuhusu nguzo, ndani ya chumba cha nyuma kuna moja ya mti, katikati. Upande unaoelekea mlango, usawa wa kiuno chako, palikuwa na kichipukizi cha kijani, kidogo kama punje ya mchele. Je, bado kipo?

Mjomba wako


3 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Tumbo la Chiriku sasa lina mkazi wake. Mtoto anapiga mateke mpaka sahani inatikisika mapajani. Mwenyewe anasema atazaa mcheza mpira, au mgomvi.

Nimefanya ulivyosema. Nilizima friji. Hakikupungua kitu ila gharama ya umeme. Nikaipumzisha pikipiki, nikakodi mkokoteni. Tulichelewa, lakini wateja walivumilia. Kisha nikaingia chumba cha nyuma. Nikatoa magunia mabichi niliyokuwa naning'iniza, nikidhani ndiyo yanayopooza hewa. Nikatoa chanja. Nikatoa pazia la mlango. Mjomba, mchicha niliouweka humo wakati nakuandikia barua ile ya kwanza bado una umande. Sisemi ni mbichi. Nasema una umande. Nyanya ziko kama zilivyotoka shambani. Ndizi nilizoziweka zikiwa kijani zimebaki kijani, haziivi. Kuna nzi mmoja ukutani ambaye nilidhani amekufa mpaka nilipomgusa, akaruka.

Chumba ndicho kinachobeba. Sina haja ya kujibu kama ni adimu.

Kichipukizi kipo. Nilipiga magoti nikakitazama kwa tochi. Ni kijani, laini, hakijafunguka. Wewe ulikiona lini? Mama hakuwahi kunieleza habari zake. Na kwa nini siku za msiba wa mama ulilala barazani, wakati chumba hicho kilikuwa kitupu na mvua inanyesha?

Mpwa wako


19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Paka wa jirani amezalia ndani ya viatu vyangu vya kwendea harusini, kwa hiyo nimesamehewa harusi zote mpaka watoto wake wafungue macho.

Umefanya kazi ya mwanafunzi mzuri. Sasa tuko swali la tatu, kuigwa. Chumba hakiigiki, lakini siri yake inaibika. Mfanyabiashara mwenye kitu kama hicho hakitangazi. Usiruhusu wapakiaji waingie. Usimwoneshe mteja. Weka ndani mtu mmoja tu unayemwamini, apokee mzigo mlangoni na kuutoa mlangoni. Hilo ndilo jibu la swali la nne pia, kujipanga.

Mkaza mjomba wako amehesabu kwa vidole na anasema Chiriku ni Julai. Ameanza kufuma kofia.

Mjomba wako

Umeniuliza mambo mawili ambayo sijayajibu. Nimeyaona.


28 Juni

Mjomba, shikamoo.

Utaniwia radhi kwa kimya. Kazi imetuzidi. Hoteli kubwa mbili zimehamia kwangu. Wenzangu sokoni wananiita mchawi kwa utani, na utani wao umeanza kukosa kicheko. Hawaelewi nanunua siku za bei ya chini na kuuza siku za bei ya juu, tena mboga zikiwa na umande.

Nilifuata ushauri wako. Chiriku ndiye wa ndani. Mwanzo alilalamika, anasema hakuna wa kuzungumza naye humo ila nyanya, na nyanya hazina habari. Sasa amezoea. Ni pazuri, joto la mchana haliingii humo. Amehamishia kitanda chake humo, analala usingizi mmoja mpaka asubuhi, hata kugeuka hageuki. Amekuwa mtulivu. Ukimwita anakutazama kwanza, kama mtu anayekumbuka jina lake, ndiyo anaitika.

Kuna malalamiko madogo tu. Mpishi wa shule anasema watoto wanakula mboga zangu na kuomba tena, na tena, wanainuka bado na njaa. Nilimwambia watoto ndivyo walivyo. Na bibi mmoja jirani alikausha mbegu za nyanya zangu akazipanda. Hazikuota hata moja. Hana mkono wa kupanda, labda.

Mwekezaji amethibitisha. Atakuja katikati ya Septemba.

Mpwa wako


14 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Kofia imekwisha, ya rangi ya njano, na soksi moja. Ya pili inasubiri tujue kama mtoto amefika, kwa sababu mkaza mjomba wako anaamini ukimaliza kila kitu mapema mtoto hujivuta. Kila nikirudi kutoka posta ananitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

Hukuandika neno juu ya mimba. Umeandika habari za nyanya, hoteli, hata mbegu za jirani. Mimi ni mwalimu; nimezoea kusoma lile swali ambalo mwanafunzi ameliruka.

Nimewaza pia juu ya watoto wa shule wanaoinuka na njaa. Sikulipenda jambo hilo. Nikalifikiri tena jioni nikimwagilia maua, nikazidi kutolipenda.

Chiriku amejifungua?

Mjomba wako


1 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Wote hatujambo. Mwekezaji ameshaleta mwanasheria kuandika mkataba. Anataka chumba kiwe kwenye mkataba kwa jina, pamoja na "msimamizi wake". Anasema hajawahi kuona faida ya ushindani ya namna hii, kwamba wengine wanamletea mawazo, mimi nimemletea ukuta. Atatia saini tarehe kumi na tano. Nikipata fedha hizi nitamlipia Chiriku hospitali nzuri kuliko zote.

Daktari alimwona. Moyo wa mtoto unapiga, polepole ila unapiga. Anasema tulikosea hesabu, hii ni mimba ya miezi saba. Basi ni hesabu tu, Mjomba. Watu hukosea hesabu.

Chiriku anawasalimu. Nilimsuka mwezi wa tano, na nywele bado ziko vilevile, hazijaachia kichwani hata kidogo. Ananiambia nimeokoa fedha ya msusi.

Mpwa wako


13 Septemba

Mpwa wangu,

Sitasalimia. Barua hii naituma kwa mtu wa basi, ili isichelewe posta.

Mwondoe Chiriku chumbani. Usisubiri mwekezaji, usijaribu kwanza, usitoe kimoja kimoja. Mtoe yeye, leo.

Uliniuliza mambo mawili. Sikuyajibu kwa sababu nimeishi kwa kueleza, na jambo nisiloweza kulieleza hulikwepa. Hili siwezi kulieleza hata sasa, nitakusimulia tu.

Baba yangu alikijenga chumba hicho kwa haraka, mvua ikiwa mlangoni. Mti wa nguzo aliukata asubuhi na kuusimamisha mchana, haukukaushwa. Mimi nilikuwa mtoto. Kila nikienda kulala nilikigusa kile kichipukizi kwa kidole, nikingoja kesho kiwe jani. Niliacha kukigusa nilipoanza kuota ndevu. Kilikuwa vilevile.

Baadaye bibi yako akaugua. Madaktari walimrudisha nyumbani wakisema ni suala la siku chache. Tukamlaza humo, kwa kuwa palikuwa na ubaridi. Siku chache zikapita. Msimu ukapita, ukaja mwingine. Hakupona na hakuzidiwa. Hakuona njaa. Mama yako alikuwa akija na mkasi kumkata kucha, anarudi nao hajautumia. Watu walisema tuna bahati. Siku moja mama yangu akaniita, akasema polepole, kwa sababu maneno nayo yalikuwa yamempungua, "Mwanangu, nitoeni. Nimechoka kusubiri."

Tulimbeba mimi na mama yako mpaka barazani. Akafunga macho kwa ajili ya jua. Akasema, "Lo, joto." Akaomba chai, akasema imezidi sukari, akatucheka. Kikombe hakijafika nusu, akapumzika. Ndiyo maana nililala barazani.

Mpwa wangu, nilikufundisha maswali manne na la kwanza nikaliruka. Nilisema kinachonunuliwa kina thamani. Lakini mboga ina thamani kwa sababu inakuwa kitu kingine ndani ya anayeila. Mbegu ina thamani kwa sababu haitabaki mbegu. Chumba kile kinazuia kuoza, nasi tukaita hiyo faida. Kuoza na kukua vinapita mlango mmoja, na ukiufunga umefunga vyote viwili. Kisha mimi, kwa mkono wangu, nikakuandikia umweke ndani mtu mmoja unayemwamini.

Mkaza mjomba wako anafunga mizigo. Atafika kabla ya mimi kumaliza kumzuia.

Mjomba wako


22 Novemba

Mjomba wangu, shikamoo.

Mkaza mjomba amekwisha kukupigia simu kwa jirani, kwa hiyo unajua la mwisho. Acha nikueleze la mwanzo, maana hukunificha na mimi sitakuficha.

Barua yako ilifika nikiwa napiga deki kwa ajili ya mgeni. Niliisoma nimesimama. Nakiri nilitazama kalenda kabla sijautazama mlango.

Chiriku alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya tumbo, katikati ya makreti. Nikamwambia, "Twende nje." Akanitazama. Akasema, "Nje kuna joto." Nikamwambia tutakaa kivulini. "Nje kuna kelele." Mjomba, ni yeye huyo anayeongea na wauza mkaa. Nikamshika mkono. Haukuwa baridi, haukuwa na joto. Ulikuwa kama ukuta. Sikuweza kumwinua. Hakunipinga, ila alikuwa mzito kama kitu kilichopandwa pale. Nikamwita jirani, yule bibi wa mbegu. Akaingia, akanusa, akasema, "Ninyi watoto, mnakaaje mahali pasipo na harufu?" Hapo ndipo nilipogundua. Makreti yale yote ya nanaa, vitunguu na mapapai, na chumba hakinuki chochote.

Tulimbeba wawili mpaka barazani. Nilikuwa naogopa kikombe cha chai, Mjomba. Nilimkataza bibi asilete chai.

Chiriku alifunga macho kwa ajili ya jua. Akakaa hivyo. Nilihesabu pumzi zake mpaka nikapoteza hesabu. Kisha akafungua macho akasema, "Nina njaa." Halafu akashika tumbo kwa mikono miwili, akapiga kelele, na mimi nikapiga kelele pia, mpaka nikaelewa kwamba alikuwa amepigwa teke. Kuanzia hapo alizungumza hadi mkaza mjomba aliposhuka kwenye basi, na mkaza mjomba ndiye aliyechoka kwanza.

Mchana huo nilimwita fundi, nikamwambia atoboe ukuta wa nyuma, aweke dirisha kubwa. Nyundo ilipopitisha mwanga wa kwanza, tulisikia sauti kama ya watu wengi wakikaa chini kwa pamoja. Zilikuwa mboga. Mchicha ulilala, mapapai yakafunguka, nyanya zikawa maji, na harufu ya miezi yote ile ikatoka kwa pamoja mpaka mwisho wa mtaa. Mwekezaji alikuja kesho yake akiwa na mwanasheria. Aliweka leso puani, akauliza msimamizi yuko wapi. Nikamwambia yuko barazani, anakula. Hakurudi tena.

Hoteli zimeondoka. Mpishi wa shule alibaki. Nilimwuliza kwa nini, wakati mboga zangu sasa zinanyauka kama za wenzangu. Akasema, "Wewe unachagua kwa kubonyeza kikonyo, si kwa kutazama rangi. Na sasa watoto wanashiba." Sikuwa nimewahi kulihesabu hilo. Nikamkumbuka kinyozi wako.

Mtoto alizaliwa wiki iliyopita asubuhi, wa kike, mwenye sauti. Kucha zake zilikuwa ndefu, mkaza mjomba akazikata siku ileile, na mkasi ulifanya kazi. Nilikwenda chumba cha nyuma kuchukua beseni. Nguzo ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini, mti mkavu kabisa, fundi anasema lazima ibadilishwe. Na kichipukizi kilikuwa kimefunguka. Jani moja, la kijani cha kuumiza macho, pana kama kiganja cha mtoto. Nikamwita Chiriku aje kuliona. Hakutaka kuingia, akalitazama kutoka dirishani, mtoto begani.

Hadi jioni lilikuwa limegeuka njano. Likaanguka lenyewe. Nimeliweka ndani ya barua hii.

Mpwa wako


5 Desemba

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine kwa huyo mgeni mwenye sauti. Mwambie mkaza mjomba wako arudi pindi atakapotosheka kumnusa mtoto. Paka na watoto wake wamechukua upande wake wa kitanda, na mimi sina mamlaka. Soksi ya pili nimeikuta kikapuni ikiwa na sindano zake. Nimejaribu kuimalizia mwenyewe. Itamfaa mtoto mwenye mguu wa pembe tatu.

Habari za kikonyo nimezisoma mara tatu. Anza hapo. Ukipata nafasi tutaziuliza yale maswali manne, safari hii kwa mpangilio wake, na kwenye la kwanza tutakaa kadiri litakavyotaka.

Bahasha yako niliifungulia dirishani. Jani lilikuwa limekauka njiani, limekuwa la kahawia, na nilipoligusa kwa kidole, kama nilivyokuwa nikifanya nikienda kulala, likavunjika vipande vidogo nikashindwa kuviokota.

Nimekaa navyo mapajani mchana kutwa, mpwa wangu, mzee mzima, nikiwa na furaha nisiyoweza kuieleza.

Mjomba wako